Saini Chini ya Mchoro: Wajibu wa Mhandisi kwa Watu Asiowajua

Maadili ya taaluma ni kanuni za mwenendo ambazo watu wa kazi fulani hukubaliana kuzifuata kwa sababu kazi yao inahitaji ujuzi ambao anayehudumiwa hana njia ya kuupima mwenyewe. Mgonjwa hawezi kuhakiki kipimo cha dawa aliyoandikiwa na daktari, na mpangaji anayehamia ghorofa ya nane hawezi kujua kama nguzo za chini zilimwagwa kwa zege lenye saruji ya kutosha, wala kama nondo zilizofichika ndani yake ni nyingi kama zilivyochorwa. Katika uhandisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wanaodhurika kosa linapotokea mara nyingi ni tofauti na waliolipia kazi. Mwenye jengo ndiye aliyeingia mkataba na mhandisi, lakini wanaolala humo, wanaofanya biashara humo na wanaopita kando yake hawakusaini chochote wala hawakuulizwa, na hao ndio hasa ambao kanuni za maadili ya uhandisi zimewekwa kwa ajili yao.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chama cha Wahandisi Ujenzi cha Marekani kilipopitisha kanuni zake za kwanza mwaka 1914, mkazo wake ulikuwa juu ya uaminifu wa mhandisi kwa mteja wake na heshima kati yake na wahandisi wenzake, na usalama wa umma haukuwa na nafasi ya mbele. Katika miaka ya 1970 ndipo vyama vya wahandisi vya nchi hiyo vilipoandika waziwazi kwamba usalama, afya na ustawi wa umma hutangulia wajibu mwingine wowote, na leo kanuni yenye maana hiyo inapatikana karibu kila mahali ambapo wahandisi husajiliwa, Afrika Mashariki ikiwamo. Maana yake ni kwamba mteja anapotaka jambo moja na usalama wa watu ukadai jingine, mhandisi hana ruhusa ya kupima pande mbili hizo kana kwamba zina uzito sawa.

Kanuni ikitajwa kwa jumla namna hiyo hakuna anayeipinga. Ugumu wake huonekana ofisini na saiti, katika mambo madogo yasiyofanana hata kidogo na mtihani wa dhamiri: mchoro uliorudishwa na mabadiliko ya mstari mmoja, simu iliyopigwa jioni, rundo la karatasi linalosubiri muhuri. Kwa sababu hiyo vyuo vingi vya uhandisi duniani hufundisha somo hili kwa kuchambua ajali moja iliyotokea Marekani zaidi ya miaka 40 iliyopita, ajali ambayo chanzo chake kilikuwa nati na tundu lililotobolewa kwenye boriti.

Hoteli ya Hyatt Regency katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri, ilifunguliwa mwaka 1980. Ukumbi wake wa mapokezi ulikuwa na dari refu, na ndani yake kulikuwa na vivuko vitatu, yaani madaraja ya waenda kwa miguu yaliyounganisha pande mbili za jengo katika ghorofa ya pili, ya tatu na ya nne. Vivuko hivyo havikusimama juu ya nguzo bali vilining'inizwa kutoka kwenye paa kwa fito za chuma zenye kipenyo cha milimita 32. Kivuko cha ghorofa ya nne kilikuwa juu kabisa ya kile cha ghorofa ya pili, na kile cha ghorofa ya tatu kilining'inia peke yake pembeni. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, ukumbi ukiwa umejaa watu waliokuja kucheza dansi na wengine wakiwa wamesimama juu ya vivuko wakitazama, kivuko cha ghorofa ya nne kiliachana na fito zake, kikaangukia cha ghorofa ya pili, na vyote viwili vikawaangukia watu waliokuwa chini. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Katika usanifu wa awali, kila ufito ulitakiwa kuwa mmoja mrefu, uanzie kwenye paa, upenye boriti ya kivuko cha nne na kushuka hadi kivuko cha pili, na kila kivuko kikae juu ya nati yake kwenye ufito huo. Kwa mpango huo nati ya juu ilibeba kivuko cha juu tu, na nati ya chini ilibeba cha chini, ingawa ufito wenyewe ulibeba vyote. Kampuni iliyotengeneza vyuma iliona ugumu wa utekelezaji wake, kwa kuwa ufito mrefu ungelazimika kukatwa hesi kwa urefu mkubwa ili nati ya kivuko cha nne ipandishwe mpaka mahali pake, na hesi hizo zingeweza kuharibika wakati wa kufunga. Likatolewa pendekezo lililoonekana la busara, kwamba ufito ugawanywe vipande viwili: mmoja utoke kwenye paa hadi kwenye boriti ya kivuko cha nne, na mwingine uanzie kwenye boriti hiyo hiyo, sentimita chache kando, ushuke hadi kivuko cha pili.

Mabadiliko hayo yaligeuza njia ya mzigo kabisa. Watu wawili wakining'inia kwenye kamba moja, kila mmoja akiishika kwa mikono yake, mikono ya kila mmoja hubeba uzito wa mwili mmoja; lakini yule wa chini akiiachia kamba na kushika miguu ya mwenzake, mikono ya aliye juu hubeba miili miwili. Hivyo ndivyo nati ya kivuko cha nne ilivyojikuta ikibeba vivuko viwili, na chini yake palikuwa na boriti iliyoundwa kwa vyuma viwili vyembamba vya umbo la mfereji vilivyochomelewa midomo ikitazamana, huku tundu la ufito likiwa limetobolewa kwenye mshono wenyewe wa kuchomelea, mahali palipo dhaifu kuliko pote. Uchunguzi wa taasisi ya serikali ya vipimo na viwango ya Marekani ulionyesha kuwa kiungo kilivyojengwa kilikuwa na chini ya theluthi moja ya uwezo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo. Ulionyesha pia jambo ambalo wasimulizi wengi hulipita haraka, nalo ni kwamba hata usanifu wa awali, wenye ufito mmoja mrefu, ungefikia takriban asilimia 60 tu ya kiwango hicho. Maana yake ni kwamba kiungo hicho hakikuwahi kufanyiwa hesabu ya kutosha tangu mchoro wa kwanza, na mabadiliko yalikuja kuongeza kosa juu ya kosa.

Swali la maadili linaanzia hapo, kwa sababu mabadiliko hayo hayakufanywa kwa siri. Yalichorwa kwenye michoro ya karakana, ambayo ni michoro ya kina inayotayarishwa na mtengenezaji wa vyuma ili kuonyesha kila kipande kitakavyokatwa, kutobolewa na kuunganishwa, na ambayo hupelekwa kwa mhandisi wa miundo aikague kabla chuma hakijaguswa. Ilipelekwa, na ikarudi ikiwa na muhuri wa ofisi ya wahandisi. Baadaye mtengenezaji alidai kuwa aliomba idhini ya mabadiliko kwa simu na akaipata, nao wahandisi wakakana kupokea simu ya namna hiyo. Kuhusu simu hiyo pande mbili hazikukubaliana kamwe, na kwa upande wa maadili jibu lake halibadilishi mengi, kwani hata kama simu haikupigwa, mchoro ulikuwapo mezani, fito mbili zilionekana mahali palipopaswa kuwa na mmoja, na hesabu ya kugundua kwamba mzigo wa nati umeongezeka maradufu ni ya dakika chache kwa mhandisi yeyote aliyehitimu.

Katika kesi iliyofunguliwa na bodi ya usajili ya jimbo la Missouri, wahandisi wawili, Jack Gillum aliyeweka muhuri wake kwenye michoro ya usanifu na Daniel Duncan aliyesimamia mradi chini yake, walipatikana mwaka 1985 na hatia ya uzembe mkubwa na mwenendo usiofaa katika taaluma. Leseni zao katika jimbo hilo zikafutwa, na mahakama ya rufaa ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 1988. Utetezi wao ulijengwa juu ya mazoea ya kazi, kwamba ilikuwa kawaida kwa mhandisi kumwachia mtengenezaji wa vyuma kazi ya kusanifu viungo. Hoja hiyo haikukubaliwa. Kazi ya kuchora inaweza kugawanywa kwa wasaidizi na wakandarasi wadogo, lakini jukumu la usalama wa muundo hubaki kwa yule ambaye jina lake liko kwenye mchoro, na mazoea ya wengi hayawezi kulihamisha. Gillum mwenyewe katika miaka ya baadaye alizungumza mara nyingi mbele ya wahandisi kuhusu ajali hiyo na kuhusu wajibu wake ndani yake, jambo linalostahili heshima, kwa kuwa katika taaluma hii wengi huona ni salama zaidi kunyamaza.

Saini ya mhandisi, basi, haimaanishi kwamba karatasi imepokelewa, wala kwamba imepita mikononi mwa mtu mwenye shahada. Ni tamko kwamba mtu mwenye ujuzi ameliangalia jambo hilo kwa macho yake, au limeangaliwa na mtu ambaye yeye binafsi amehakikisha kuwa anaweza, na kwamba likiharibika ataulizwa yeye. Tamko hilo likitolewa bila ukaguzi ni uongo, hata kama aliyelitoa hakukusudia kumdanganya mtu, na uongo huo ni wa hatari kuliko kutokuwapo kwa saini kabisa, kwa sababu kila anayeuona muhuri baada ya hapo huacha kuangalia.

Mfano wa New York unaonyesha upande mwingine wa jambo hili hili. Jengo la Citicorp Center, lenye ghorofa 59, lilikamilika mwaka 1977 likiwa limesimama juu ya nguzo kubwa zilizowekwa katikati ya kila upande badala ya kwenye pembe, kwa sababu kanisa lilikuwa kwenye pembe moja ya kiwanja. Mwaka uliofuata mhandisi wake, William LeMessurier, alipitia upya mahesabu na kugundua kuwa upepo unaopiga jengo kwenye pembe ungeongeza nguvu ndani ya baadhi ya vyuma vya mshazari kwa asilimia 40, na kwamba kwenye viungo ongezeko lingefikia asilimia 160. Hilo lisingekuwa tishio kama viungo vingechomelewa kama ilivyokusudiwa, lakini ofisi yake ilikuwa imekubali pendekezo la kutumia bolti ili kupunguza gharama, na yeye alilijua hilo baada ya jengo kwisha. Hapa tena kiungo kilibadilishwa kwenye karatasi, idhini ikatolewa, na aliyepaswa kufikiria matokeo yake hakufikishiwa habari.

LeMessurier angeweza kunyamaza, na alijua kwamba kusema kungeweza kumfilisi na kumharibia jina. Aliwaeleza wanasheria, kampuni ya bima, wenye jengo na maofisa wa jiji, na kwa muda wa takriban miezi mitatu mafundi walichomelea bamba nene za chuma juu ya viungo usiku, wafanyakazi wa ofisi wakiwa wameondoka. Jengo likawa salama. Hata hivyo, wafanyakazi hao na wakazi wa jirani hawakuambiwa hatari iliyokuwapo, ingawa mipango ya kuwahamisha ilikuwa imetayarishwa kwa siri, na habari yenyewe haikujulikana kwa umma mpaka mwaka 1995. Wengi humtaja LeMessurier kama kielelezo cha ujasiri wa taaluma, na kwa kukiri kosa anastahili. Ila watu waliokaa chini ya mnara huo msimu wa vimbunga walikuwa na haki ya kujua, na kimya alichoshiriki pamoja na viongozi wa jiji hakipatani na kanuni inayouweka umma mbele.

Afrika Mashariki ina sheria za kutosha za kusimamia mambo haya. Nchini Tanzania, Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1968, inaipa Bodi ya Usajili wa Wahandisi mamlaka ya kusajili wahandisi, kusimamia mwenendo wao na kuwafutia usajili wanaokiuka; nchini Kenya, Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya kwa kazi inayofanana na hiyo. Mhitimu wa chuo kikuu nchini Tanzania husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, na hupata daraja la mhandisi mtaalamu baada ya kupata uzoefu wa vitendo chini ya wahandisi waliomtangulia. Katika Siku ya Wahandisi ya kila mwaka, wahandisi hula kiapo cha utii kwa taaluma yao mbele ya umma.

Pamoja na sheria hizo, majengo yameanguka. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa zipatazo 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Mwezi Aprili 2016 nyumba ya kupanga ilianguka Huruma, Nairobi, baada ya mvua kubwa, na Novemba 2024 jengo la biashara likaanguka Kariakoo juu ya wenye maduka na wateja wao. Kila tukio lina sababu zake, na si haki kuyabebesha yote lawama ya aina moja. Mengine hayakuwa na mhandisi kabisa, na huko kosa ni la mwenye jengo aliyekwepa kibali na la mamlaka iliyofumba macho. Lakini pale ambapo mhandisi yupo, au jina lake lipo, kuna mazoea mawili ambayo taaluma yenyewe inapaswa kuyaonea haya.

La kwanza ni kuazimisha muhuri. Fundi mchoraji au mhitimu asiye na usajili huchora nyumba nzima, kisha hutafutwa mhandisi aliyesajiliwa ambaye, kwa malipo kidogo, hugonga muhuri na kusaini michoro ambayo hakuitayarisha wala kuipitia, ili kibali cha ujenzi kipatikane. Anayefanya hivyo hujitetea kuwa anamsaidia kijana au anarahisisha urasimu wa halmashauri. Anachouza, hata hivyo, ni kile kitu kimoja ambacho umma unakitegemea, na baada ya kukiuza mara kumi hana hata njia ya kujua ni majengo gani mjini yaliyosimama kwa jina lake.

La pili hutokea saiti, siku ya kumwaga zege. Nguvu ya zege hupimwa kwa kujaza baadhi ya zege linalomwagwa katika kalibu za mchemraba wenye upande wa milimita 150, kuihifadhi michemraba hiyo majini, na kuibonyeza kwa mashine maabara baada ya siku 7 na siku 28 mpaka ivunjike. Kipimo hicho ni rahisi na cha kuaminika, mradi mchemraba na nguzo vimetoka kwenye mchanganyiko mmoja. Mkandarasi asiye mwaminifu hutayarisha michemraba ya maonyesho kwa mchanganyiko wenye saruji nyingi, huku mafundi wakiongeza maji kwenye zege la jengo ili limwagike kirahisi, na kila ndoo ya maji inayozidi kipimo hupunguza uimara wake. Wiki nne baadaye karatasi ya maabara huonyesha namba nzuri ambazo hazihusiani na nguzo yoyote ya jengo lile. Hakuna sheria inayoweza kuzuia hilo kama mhandisi msimamizi hakuwapo zege lilipochukuliwa, na kama hakuwapo, hapaswi kuiweka saini yake chini ya matokeo.

Shinikizo linaloukabili uamuzi wa namna hiyo halipaswi kudharauliwa. Mhandisi anapokagua nondo asubuhi na kukuta zimepungua kwenye boriti moja, magari ya zege huwa yameshafika getini, mafundi wanasubiri, mvua inakaribia, na mwenye mradi yuko kwenye simu akiuliza gharama ya kuahirisha atailipa nani. Mara nyingi anayesimama hapo ni kijana wa miaka miwili kazini, aliyeajiriwa na mtu yule yule anayetakiwa kumkatalia. Kumwambia kijana huyo awe jasiri ni rahisi. Jambo la haki zaidi ni kumwekea utaratibu unaombeba. Agizo la kusimamisha kazi likiandikwa, likiwa na tarehe na sababu, na nakala yake ikaenda kwa mhandisi wake mkuu ofisini, mzigo huondoka mabegani mwa mtu mmoja. Tanzania ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, lakini kijana aliye saiti huhitaji zaidi mkuu wake wa kazi ambaye akipigiwa simu atasema zege lisimwagwe.

Wajibu mwingine wa mhandisi unaeleweka bila maelezo marefu. Hapaswi kufanya kazi iliyo nje ya ujuzi wake, kwa hiyo mhandisi wa umeme hasanifu msingi wa ghorofa hata kama muhuri wake unakubalika dirishani. Hapaswi kupokea chochote kutoka kwa mkandarasi ambaye yeye ndiye anayemwidhinishia hati za malipo, wala kuwa na hisa katika duka linalouza nondo anazozipendekeza bila kumweleza mteja. Anapaswa pia kuendelea kujifunza, kwa sababu viwango vya ujenzi hubadilika na makosa mapya hugunduliwa.

Mwananchi anayejenga, au anayenunua chumba katika jengo ambalo bado linapanda, hana sababu ya kuyaacha haya yote kwa wataalamu. Jina la mhandisi mshauri linapaswa kuwapo kwenye kibao kilichosimamishwa mbele ya saiti, na bodi inaweza kuulizwa kama mtu huyo amesajiliwa na kwa fani gani. Swali linalofuata, ambalo wanunuzi wachache huliuliza, ni siku ngapi mhandisi huyo amefika. Jibu lake limo katika kitabu cha maagizo kinachowekwa ofisi ya saiti, ambamo kila ukaguzi huandikwa kwa mkono: tarehe, sehemu iliyokaguliwa, kasoro iliyoonekana, agizo lililotolewa, na saini ya aliyelitoa.